Ganzi ya Mkono wa Kulia

Kwa miaka kumi na sita mimi, mdogo wake wa kike, ndiye niliyemfunga kaka yangu bandeji za mikono kabla ya kila pambano. Si kwamba napenda ndondi. Siipendi, na harufu ya vile vyumba vya kubadilishia nguo mpaka leo sijaizoea. Ila mimi ni fundi wa makochi, vidole vyangu vinajua kuvuta kitambaa kikakaa bila mkunjo, na kaka hakumwamini mtu mwingine. Ulingoni walimwita Kabati. Kabati na fundi wa makochi: watu walisema kwetu si ukoo, ni duka la samani.

Alianza akiwa na miaka ishirini na mbili, mpakuzi wa magunia kwenye ghala la unga. Kocha wa ndondi, ambaye sisi tulimwita Kocha tu, alimkuta kabeba gunia kila bega huku akibishana na dereva wa lori, na hakuwa na haraka ya kuyatua. Akamfuata mpaka nyumbani, akaongea na mama. Baada ya hapo ni mapambano thelathini na nane, ishirini na tisa akashinda. Wapiganaji wa uzito wa juu ni wachache, kwa hiyo wengine alipigana nao mara mbili, mara tatu, mpaka wake zao wakawa wananiulizia hali ya watoto. Pua ilivunjika, ndoa nayo ikavunjika. Mkanda wa ubingwa aliugombea mara moja, akapigwa raundi ya tisa, akarudi nyumbani akakaa siku nne bila kufungua dirisha.

Sifa moja alikuwa nayo ambayo hata wapinzani waliisema. Alijua mtu akiisha. Aliniambia mwili wa mtu anayeisha unalegea ghafla, na ule ulegevu unausikia kwenye ngumi yako mwenyewe, unapanda mpaka kiwikoni. Akiusikia tu, anarudi nyuma hatua mbili na kushusha mikono, refa hata hajaingia kati. Watu walimtania kwamba ana huruma ya shangazi. Yeye alicheka.

Halafu akafika miaka thelathini na nane na mkono wa kulia ukaanza visa. Kwanza alidondosha funguo. Kisha nikamwona anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, kama mtoto wa chekechea. Siku moja aliegemea pasi ya moto jikoni kwangu, na ni mimi niliyepiga kelele, si yeye.

"Nimeulalia tu," alisema.

"Miezi miwili umeulalia?"

"Mdogo wangu, niache. Pambano moja. Ni la mkanda. Nikishinda, nikishindwa, naacha. Ukimwambia mtu yeyote, usiniite tena kaka."

Nikanyamaza. Wakati huo nilijiona nina busara.

Mpinzani alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, mrefu, mwembamba kwa uzito ule, wakamwita Mlingoti. Kocha wake alikuwa ni yuleyule Kocha wetu. Miaka mitatu nyuma alimwambia kaka aache ndondi, kaka akamtukana, wakaachana, na Kocha akamchukua Mlingoti.

Pambano liliwekwa saa tisa alasiri kwa ajili ya televisheni. Asubuhi daktari wa mchezo alipita, akamulika macho, akapima presha. Kaka alimpa mkono wa kushoto, akasema wa kulia umepakwa dawa ya kuchua. Daktari akacheka, akaandika sawa.

Saa nane nikaanza kufunga. Sheria inataka mtu wa upande wa pili akae hapo aangalie, tusije tukaficha kitu kigumu ndani ya bandeji. Akiridhika anaweka sahihi yake kwa kalamu juu ya plasta, pale kwenye kifundo. Aliyekuja kukaa kwenye kiti cha plastiki ni Kocha mwenyewe. Hakusalimiana na kaka. Mimi aliniuliza, "Makochi yanaendaje?" nikamjibu yanakaliwa.

Nikafunga wa kushoto. "Imekaza?" "Legeza hapo kwenye kidole gumba." Nikalegeza. Nikahamia wa kulia.

"Imekaza?"

"Safi."

Nikavuta zaidi. Sijui kwa nini nilifanya vile. Labda nilitaka kuhakikisha, labda nilitaka apige kelele ili niwe nimekosea. Nilivuta kwa nguvu ninayovutia ngozi juu ya mbao, mpaka viganja vyangu vikauma. Ncha za vidole vyake zikawa nyeupe, kisha zikaanza kwenda bluu.

"Imekaza, kaka?"

"Safi. Endelea."

Alikuwa anatazama ukutani, anatafuna ulimi. Kocha alikuwa anatazama vile vidole. Kisha akanitazama mimi. Bomba lilikuwa linavuja kwenye sinki. Nilifungua, nikafunga upya inavyotakiwa. Kocha akachukua kalamu, akatia sahihi mkono wa kushoto, akatia na wa kulia.

Nilimfuata ukumbini, nikamshika shati.

"Kocha, umeona."

"Nimeona nini?"

"Mwambie daktari. Wewe atakusikiliza."

"Wewe ndiye dada yake. Daktari yuko pale, amekaa anakunywa soda. Nenda."

"Atanichukia mpaka naingia kaburini."

"Mimi alishanichukia." Akautoa mkono wangu kwenye shati lake, taratibu. "Nina kijana wa kumwangalia. Leo nitamwangalia huyo."

Nilimwelewa. Alikuwa anakwenda kumwambia Mlingoti kwamba mkono wa kulia wa Kabati umekufa, asiuogope. Na nitasema ukweli: nilipata nafuu. Nikafikiri basi kaka atapigwa mapema, ataanguka, yataisha, na mimi sitakuwa nimesema kitu. Hofu yangu yote ilikuwa kwa kaka. Kijana wa watu sikumfikiria hata mara moja.

Raundi ya nne Mlingoti aliingia upande wa kulia, kidevu wazi, kama mtu anayepita kwenye mlango aliohakikishiwa hauna mbwa. Lakini mkono uliokufa ganzi haukosi uzito. Mfupa ulikuwepo, bega lilikuwepo, na nyuma ya bega zilikuwepo kilo mia na kumi na tatu. Ngumi ilimpata shavuni. Niliona miguu yake ikiondoka. Kamba zikamdaka, zikamzuia asianguke.

Nikangoja kaka arudi nyuma hatua mbili.

Akapiga tena kwa ule ule. Tena. Sikuweza kuacha kuhesabu. Saba, baada ya ile ya kwanza. Refa alikuwa upande wa mbali, mzee, miguu haimtii. Alipomkumbatia kaka na kumvuta, nilikuwa chini ya kona nikasikia kaka anauliza, sauti ya kawaida kabisa, "Vipi, bado yupo?"

Wakamfunga mkanda kiunoni. Nilipiga makofi. Kila mtu kwenye kona yetu alipiga, na mimi nikapiga.

Tulipokata bandeji, mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Mifupa miwili ilikuwa imevunjika, na alikuwa hajui. Aliutazama mkono kama wa jirani.

"Sikumsikia akiisha," aliniambia.

Yakafuata majuma sita ambayo sina la kuyaeleza. Nilikata ngozi, nikapigilia misumari, nikala, nikalala. Sikulia. Mlingoti alikuwa wodini, amefumba macho, hajazinduka tangu ulingoni. Kaka aliutia mkanda kwenye mfuko wa plastiki na kuusukuma chini ya kitanda. Kila siku alikaa mlangoni mwa hospitali bila kuingia. Kocha alimpita pale asubuhi na jioni. Hakuna aliyemshtaki mwenzake. Sote watatu tulikuwa na neno lile lile mdomoni, na lilikuwa limeshachelewa.

Juma la saba mama yake Mlingoti alituma watuite. Nilimshika kaka kiwiko tukaingia. Alikuwa mama mfupi, mshonaji wa sare za shule, uzi bado umemng'ang'ania kwenye sketi. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Akamvutia kaka stuli.

"Kaa, baba. Hujaja kwa ubaya, najua. Ni kazi yenu hiyo." Uso wake ulikuwa umechangamka. "Tangu jana anafinya mkono. Madaktari wanasema nataka tu iwe hivyo. Wewe ni mtu wa mikono, wewe utaniambia ukweli."

Akauchukua mkono wa kulia wa kaka, uliokuwa umetoka kwenye plasta siku tatu zilizopita, akautia kwenye kiganja cha mwanawe.

"Umesikia?" akauliza. "Umesikia anavyokufinya?"

Kaka hakuvitazama vile vidole. Alinitazama mimi. Niliinama, nikaviangalia vizuri. Vilikuwa vinafinya. Kidogo sana, lakini vinafinya, vinaachia, vinafinya.

Nikamwitikia kwa kichwa.

"Nimesikia, mama," kaka akasema.