Bipu za Kumuua Nestori

Haya niliambiwa na Immakulata, mdogo wake Esteri wa tumbo moja, mwaka jana msimu wa maharage, tumekaa nyumbani kwake Makere tunapepeta. Alisema kila neno amelitoa kinywani mwa dada yake, na ninavyomjua Esteri, naamini.

Esteri ni mjane wa Nyakitonto. Mumewe alipofariki alikaa ndani kama kwetu inavyotakiwa, hashiki jembe, hakanyagi shamba, mpaka ukoo umalize matanga. Siku hizo hizo shemeji yake Nestori, mdogo wa marehemu, akashuka bondeni, akang'oa minyaa ya mpaka na kwenda kuipanda ng'ambo ya mfereji. Esteri alipotoka ndani, jembe begani, alikuta bonde lake la maharage limekuwa la Nestori, na minyaa imeshika vizuri kama imezaliwa pale.

"Shemeji, mpaka ndio huo huo," Nestori alimwambia huku anachokonoa meno. "Kilio kimekuchanganya macho. Pumzika."

Hilo "pumzika" ndilo lililomkaa kooni. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Ndihokubwayo, naye akamuuliza shahidi ni nani. Shahidi angetoka wapi? Watu wote walikuwa msibani. Basi akarudi nyumbani, akanyamaza. Esteri hana haraka. Jambo likimwingia moyoni hulikalisha kwenye moto mdogo, halina kelele, lakini linaiva.

Silaha aliipata siku ya soko Makere. Kijana mmoja Mkongomani wa kambini Nyarugusu, jina lake Dieudonné, alisimama juu ya kreti anauza stika za kubandika nyuma ya simu.

"Bamama, musikie! Hii telefone iko na mionzi! Unaitia mu mufuko ya shemizi, hapa, ku roho. Ikilia, mionzi inaingia sawa sindano! Leo sindano, kesho sindano, roho inachoka, mutu anaanguka! Bandika stika!"

Wanawake wakasogea kununua. Esteri akabaki nyuma, anauona kabisa akilini mfuko wa kushoto wa shati la Nestori, ambamo simu yake hukaa kutwa nzima kama nishani.

"Baba," akauliza, "hiyo sindano inaingia hata kama mtu hakupokea?"

"Mama, ikilia tu!"

"Hata bipu?"

"Hata bipu, mama! Chukua stika, ujikinge!"

"Asante, mwanangu. Mimi stika sitaki."

Simu alikuwa nayo. Binti yake Aline, aliyeolewa Kibondo, alimtumia kitochi chenye laini mpya, na jirani hakuna aliyejua. Namba ya Nestori nayo ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa ghala lake, maana hununua mahindi ya watu. Kesho yake asubuhi Esteri akasimama nyuma ya jiko, akachungulia katikati ya migomba. Nestori alikuwa uani kwake, anakunywa chai. Esteri akabonyeza. Ikalia huko ng'ambo, akakata. Nestori akashtuka na kujishika kifua.

"Moja hiyo," Esteri akasema, akakaa kwenye kigoda akicheka peke yake.

Ikawa kazi. Asubuhi kabla ya chai, mchana Nestori akijinyoosha kwenye mkeka, jioni akirudi kutoka kilabuni. Bipu haili salio, ndiyo raha yake. Nestori akipiga yeye, Esteri hapokei, anamwacha akae na mlio sikioni, mionzi ifanye kazi. Akilima kijipande alichoachiwa, anabipu. Akimenya ndizi, anabipu. Na kila akibipu anasema polepole, "Pumzika, shemeji."

Alipokwenda zahanati kupimwa presha, akamgeuzia nesi maneno. Nesi mwenyewe ni Asmahani, binti mpole.

"Mwanangu, mtu akipigiwapigiwa simu nayo iko hapa kifuani, anaugua baada ya muda gani?"

"Nani amekuogopesha, bibi? Wataalamu wamechunguza miaka mingi na bado wanachunguza. Mpaka leo hawajapata ushahidi wa wazi kwamba simu inamdhuru anayeitumia."

"Yaani haiui?"

"Haijaonekana kuua."

"Hata kumtia mtu ugonjwa kidogo tu?"

"Bibi, mbona kama unasikitika?" Asmahani akacheka. "Ukiwa na wasiwasi, ongea kwa kifupi, au weka spika isikae sikioni. Wewe ukipiga unaishika wapi?"

Esteri akaaga. Yeye siku zote aliibana sikioni kwa nguvu, asikie kama inaita. Njia nzima alitembea anajipapasa kichwa. Lakini kuacha hakuacha. Bado wanachunguza, si ndivyo alivyosema? Basi na yeye anachunguza. Tangu siku hiyo alibonyeza, akaiweka simu juu ya jiwe la kufulia, akakimbilia nyuma ya choo, kisha akarudi kwa kunyata kuikata.

Shida ni kwamba Nestori hakuugua. Alinawiri! Alianza kunyoa ndevu. Akanunua mafuta ya kunukia, shati akalipiga pasi ya mkaa hata siku ya kwenda kupalilia. Simu ikilia anaitoa mfukoni, anaitazama, anatabasamu kama bwana harusi, anairudisha pale pale kwenye roho.

"Mionzi gani hii inayomnenepesha adui?" Esteri alimlalamikia Immakulata.

Jibu lilikuja na miguu yake. Mchana mmoja Deborah, mke wa Nestori, aliingia uani, macho yamevimba.

"Dada Esteri, mwenzio nimekwisha. Mume wangu ana mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Simjui! Anambipu asubuhi, mchana, jioni. Nimemuuliza, anasema namba haijui. Haijui, na amenunua mafuta? Namba nimeishika kichwani, sikiliza." Akaitaja yote.

Esteri akainamia sufuria asionekane uso. Angeweza kumwambia papo hapo, akamtoa Deborah kwenye moto. Ulimi ulifika mpaka kwenye meno. Lakini Deborah akaendelea:

"Lile bonde atampa huyo malaya wake! Lile bonde ambalo mimi mwenyewe nilimshikia panga aking'oa minyaa, nikanyamaza nikidhani nawatafutia watoto wangu!"

Esteri akafunika sufuria taratibu.

"Maneno hayo utayasema mbele ya mwenyekiti?"

"Nitayasema hata madhabahuni!"

"Ego, ndivyo. Basi futa machozi, twende."

Mzee Ndihokubwayo akaita kikao, wazee wa ukoo wakakaa kwenye mabenchi. Nestori akaja ananukia. Deborah hakungoja kuitwa. Alisimama, akamsema mwanamke wa bipu, kisha akaeleza siku, panga, mfereji, mpaka mashimo ya minyaa ya zamani yalipo. Wazee wakashuka naye bondeni, wakafukua, wakakuta mizizi iliyokatwa imebaki ardhini. Mwenyekiti akasema bonde ni la Esteri, hakuna tena cha kujadili.

"Mke wangu amerogwa na wivu!" Nestori akapiga kelele. "Sina mwanamke! Ipigeni hiyo namba hapa hapa, wote msikie!"

Esteri akakumbuka kitochi hakukizima. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la kitenge. Deborah akaitaja namba, mwenyekiti akabonyeza. Kiunoni mwa Esteri pakalia, kwa sauti ya kusikika hata barabarani.

Watu wote wakageuka.

"Dada!" Deborah akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi," Esteri akajibu. Hakuinamisha uso. "Nilisikia mionzi ya simu inaua. Nilitaka imuue. Haikumuua, nesi alinionya. Lakini nilitaka."

Mzee mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Deborah hakucheka mara moja. Alimtazama Esteri kwa jicho la mtu aliyeuzwa, na ni kweli aliuzwa. Halafu akamgeukia mumewe, akamkagua kuanzia kidevu kilichonyolewa hadi pasi ya shati.

"Kumbe mafuta yote yale, baba Junior," akasema, "ulikuwa unajipaka kwa ajili ya mjane wa kaka yako, anayekutakia kifo?"

Nestori akainuka. Aliondoka peke yake, na vicheko vikamsindikiza mpaka barabarani.

Jioni ile Esteri alirudi kutoka bondeni na udongo miguuni, akaoga, akala, akakaa mlangoni. Ng'ambo ya migomba Deborah alikuwa anamsema mumewe, anaanza, anapumzika, anaanza tena. Esteri alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Moyo wake haukuwa na huruma hata ya kujaza kijiko, na hakuitafuta. Nestori alilala kwanza. Kisha Deborah naye akachoka, taa yao ikazimika. Esteri akafunga mlango, akajinyoosha kitandani, na kabla hajavuta shuka akawa amelala fofofo.