Kinga ya Kuku wa Wifi

Wifi yangu alisimama mlangoni mwa banda lake la kuku na fagio mkononi, akaniambia kama nataka kinyesi cha kupima nichukue cha kwangu.

"Kuku wangu wana afya kukushinda," alisema. "Umewahi kuona hata mmoja anakohoa?"

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Banda zima, hakuna anayesinzia wala kuhara, na nyuma yake maganda ya vidonge vya rangi mbili yametapakaa kama maganda ya karanga. Vidonge vya watu! Alikuwa akivipasua na kumwaga unga kwenye maji ya kuku wote, wazima kwa wagonjwa, eti kinga. Mtaani kwetu kila mfugaji anafanya hivyo na anajiona mjanja. Vijidudu vinavyonusurika na dawa ya kila siku hutoka humo vimekomaa, haviogopi tena.

Nikapita chini ya fagio, nikazoa kinyesi kidogo. Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, nimeshafokewa na wakubwa kuliko yeye.

Tena nilikuwa na sababu. Mama yake mzazi, yaani mkwe wangu, alikuwa amelazwa kwa homa na kuhara damu, na dawa ya kawaida ilikuwa imegonga mwamba. Nilikuza vijidudu vyake kwenye sahani ya maabara. Dawa inayoua huacha duara tupu kuizunguka. Vya mama mkwe viliota mpaka vikaigusa dawa, bila haya. Sindano moja tu ndiyo iliyoviweza, na hiyo ndiyo iliyoanza kumpa mama nafuu.

Siku chache baadaye, asubuhi, kinyesi cha kuku kikatoa majibu yale yale. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipowaeleza mume wangu na wifi, tunayeishi naye nyumba moja, mume alishika kichwa.

"Mama anaendelea vizuri," alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe lenyewe linavuja. Mtoto wa fundi cherehani amelazwa leo, kitanda cha pili kutoka kwa mama. Anahara damu. Mayai wananunua hapa."

"Si atapimwa?"

"Atapimwa, majibu yatakuja baada ya siku kadhaa. Umemwona alivyonyauka? Na daktari hatoi ile sindano hivi hivi, zimebaki chache. Anataka sababu. Sababu ninayo mimi."

Wifi alianza kulia. "Watakuja kuchoma banda langu. Nitakula nini, wifi?"

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Banda lile amelijenga kwa jasho lake baada ya kuachwa. Lakini huruma yangu haikutosha kunifanya nimzike mtoto wa mtu.

"Ukisema," akafuta machozi, "usikanyage tena hapa."

"Basi niwekeeni viatu vyangu nje," nikajibu, nikatoka.

Daktari alisikiliza majibu ya kuku na ya mama, akauliza mtoto anakula mayai ya nani, kisha akaagiza sindano bila kupoteza muda. Baada ya hapo angeweza kunyamaza, nami ningeweza kunyamaza pia. Mtoto angepona, na sisi tungeendelea kuuza mayai. Eti muuguzi akaninong'oneza, "Yameisha, nenda nyumbani."

Ng'o. Mtaa mzima unakula mayai yale.

Fundi cherehani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uzi bado umening'inia begani, mtoto amelegea mapajani pake. Nilimwambia wazi: ugonjwa umetoka kwetu, kwenye banda la wifi, na dawa tulizowapa kuku ndizo zilizofanya dawa ya mwanao isifanye kazi. Nikamwambia awaambie na wengine. Mama mkwe, aliyekuwa akijifanya amelala, aligeukia ukutani.

"Umejua lini?" fundi akaniuliza.

"Leo asubuhi."

"Na umekuja leo."

"Nimekuja leo."

Akanitazama mpaka nikatamani anizabe kofi, tumalize. Muuguzi akaja na sindano. Mikono ya fundi, inayotunga uzi kwenye tundu bila kuangalia, ilishindwa kumtuliza mwanawe. Akaninyanyulia mtoto.

"Mshike vizuri," alisema. "Na usidhani nimewasamehe."

"Sijadhani," nikasema, nikamshika.