Pingili za Mpapura

Gari la chuo liliposimama kando ya shamba lake kule Mahurunga, Bi Somoe alikuwa ameshafagia njia na kutandika mkeka. Mjane hakosi la kusemwa, hivyo aliwapa wageni uji kabla hawajaomba maji.

Mwalimu Erasto alikuwa mtafiti wa magonjwa ya muhogo, na ndivyo alivyofundisha: jambo hulisemi mpaka ulikute shambani. Bi Somoe alifurahi walipochagua shamba lake la kujifunzia. Mbegu yake ya muhogo aliachiwa na marehemu mumewe, Faraji, na majani yake yalisifiwa kijiji kizima. Binti yake Husna alipoolewa Mpapura mwaka jana, alimfungia mzigo wa pingili za kupanda, ukapakiwa kwenye bodaboda pamoja na vyombo. Kwao, bibi harusi hatoki bila mbegu ya nyumbani.

Glory, mmoja wa wanafunzi wa Mwalimu Erasto, aling'oa shina la kwanza. Mwenzake Nassoro akaukata muhogo. Nje ulikuwa mzima. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, mkavu kama gome.

"Ndiyo wenyewe, mwalimu," Nassoro alisema, uso unamng'aa. "Ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Tumeupata."

Wakapigana viganja. Bi Somoe naye akatabasamu, akidhani wamepata la heri.

Wakang'oa hapa, wakang'oa kule, kila muhogo walioukata ulikuwa vilevile. Tabasamu likamwisha taratibu.

"Mwanangu, dawa yake ipi?"

"Hakuna, mama," Mwalimu Erasto alisema. "Ukishaingia kwenye mti hautoki. Ni kung'oa na kuchoma, halafu upande mbegu safi."

"Na majani haya?"

"Mbegu nyingine huficha ugonjwa, majani yakabaki mazuri. Hukuwahi kuona muhogo ulioharibika?"

"Mmoja mmoja. Nikasema ni maji yalituama."

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Ugonjwa huu husafiri na pingili. Ulimpa mtu?"

Bi Somoe alifungua pindo la kanga, akatoa simu, akampigia mama mkwe wa Husna, Bi Fatuma.

"Mkwe wangu, ule muhogo una maradhi. Ung'oeni."

Bi Fatuma akacheka. "Una maradhi gani huu? Njoo uone majani. Au umesikia nimewagawia majirani ukaona wivu?"

"Umewagawia?"

"Wamekuja wenyewe. Kila mtu anauliza mbegu ya Mahurunga. Husna anatembea kifua mbele."

"Wallahi sikutanii. Wataalamu wako hapa, wameukata mbele ya macho yangu."

Kicheko kikakatika. "Bi Somoe, zawadi ya harusi hairudishwi. Nikamwambie nani ang'oe shamba zima la kijani? Watasema Husna amemletea mwanangu nuksi. Usimfanyie hivyo binti yako."

Simu ikakatwa.

"Baba, twendeni Mpapura," Bi Somoe alimwambia mwalimu. "Mkiwaambia ninyi watasikia."

"Tutakwenda, mama. Lakini shamba la mtu siwezi kuling'oa bila ridhaa yake. Nitawaeleza tu, basi."

Nyuma yake Nassoro alificha kile kipande cha muhogo mgongoni, kama mtoto aliyekutwa na kitu cha watu.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Bi Somoe akatawadha, akaswali palepale kwenye mkeka. Aliposujudu alibaki hivyo muda mrefu. Alitaka kuwaombea watu wa Mpapura mvua, kama alivyozoea kila siku, lakini mvua hiyo ndiyo ingeustawisha ule muhogo wenye maradhi. Akanyanyuka bila kuiomba.

Simu ikaita. Husna.

"Mama," sauti ilikuwa ya chini, "umemwambia nini mama mkwe?"