Duara Lenye Kona

Kabla jogoo hajawika nilisikia mvumo mwembamba kutoka sebuleni, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikajitanda shuka, nikaenda polepole.

Mjukuu wangu alikuwa ameinamia kompyuta yake. Tangu utotoni tunamwita Chiriku, maana alikuwa haishiwi maneno. Alfajiri ile alikuwa kimya, na ukimya wake ulinitisha kuliko mvumo.

"Mashine inalia, mama?"

"Inahema, Bibi. Imechoka kuliko mimi."

Chiriku huchora ramani za majengo. Ofisini alikuwa akirekebisha tu michoro ya wenzake, hadi alipopewa ya kwake mwenyewe, shule ndogo ya chekechea. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa na sharti moja. Mwanafunzi wake mmoja alijigonga kwenye kona ya ukuta akapasuka paji la uso, kwa hiyo darasa jipya liwe la duara, bila kona hata moja. Asubuhi hiyo alikuwa anakuja kuitazama ramani. Akiipenda, Chiriku ataendelea nayo mpaka jengo lisimame. Asipoipenda, kazi anapewa mchoraji mwingine.

"Hebu tazama," akaniambia.

Nikatazama. "Naona nati ya baiskeli."

Akacheka huku machozi yakimlenga. "Ndiyo shida yenyewe. Nimechora duara kamili. Ila programu inalionyesha kwa vijistari vilivyonyooka, ili isielemewe. Nikiiamuru ionyeshe vizuri, inaganda. Nikiiacha iende haraka, inanipa kona. Hata kuchapa kwenye karatasi haitaki."

Akanikazia macho. "Najua unachotaka kusema. Haraka haraka haina baraka."

"Sijafungua mdomo. Kunywa chai."

Kulipopambazuka kukawa na manyunyu. Chiriku akaikumbatia kompyuta kama mtoto mchanga, nami nikamshikia mwavuli mpaka ofisini. Nilitaka kurudi, lakini jirani yake wa meza akanivutia kiti karibu na dirisha, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. Wanamwita Kobe, kwa kuwa hakuna kinachomkimbiza.

"Mchumba wangu, kaa hapa," akaniambia. "Huyu mjukuu wako amenificha mrembo kama wewe miaka yote?"

"Kobe, mahari unayo?"

"Naileta, Bibi. Iko njiani."

"Kwa mwendo wako, nitakuwa nimeshazikwa!"

Chiriku akacheka, nami nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Nadhani Kobe alikusudia hivyo.

Mwalimu akaingia, mwanamke mrefu mwenye chaki kwenye ukingo wa mkono wa gauni. Ramani ikawashwa kwenye skrini kubwa ya ukutani. Ile nati ikatokea, sasa kubwa kama meza.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mbona kona?"

"Si kona, Mwalimu. Ni skrini tu inayo..."

"Binti yangu, mimi skrini siijui. Najua paji la uso la mtoto."

Chiriku akaiamuru mashine ionyeshe vizuri. Alama ya kusubiri ikaanza kuzunguka. Ikazunguka, ikazunguka. Mwalimu akatazama mlango. Chiriku akafuta viganja kwenye sketi.

Kobe akainuka. Hakumnyang'anya Chiriku kipanya mbele ya mgeni, na kwa hilo nitamwombea dua. Alichuchumaa kando yake, akasema taratibu, "Ukuta mmoja wa duara hauwezi kuizidi nguvu mashine hii. Kuna kitu kingine kizito. Juu ya meza za watoto umeweka nini?"

Chiriku akainamisha macho. "Mapambo."

"Yakuze tuyaone."

Akarudisha ule mwonekano wa haraka, akaikuza meza moja. Nukta ikawa doa, doa likawa kitambaa, na kitambaa kikawa vitundu vidogo vidogo vilivyozungukana. Nikashika mdomo. Kilikuwa kitambaa changu cha kufuma, kile ninachofunikia kompyuta yake isiingie vumbi. Alikuwa amekichora kitundu kwa kitundu. Hata pale nilipokosea, nikaruka kitundu kimoja usiku mama yake alipokuwa na uchungu wa kumzaa, na yeye alikuwa amekiruka.

"Kila kitundu ni duara," akasema Kobe. "Na umeviweka kwenye kila meza. Mashine inafuma, Chiriku! Tangu jana imekaa kufuma!"

Nikacheka mpaka nikaegemea dirisha. Mwalimu naye akacheka, kwanza puani, kisha kwa sauti.

"Ni cha Bibi. Nilitaka pawe kama nyumbani," Chiriku akasema kwa sauti ndogo.

Vitambaa vyote alikuwa amevichora kwenye tabaka la peke yake, kama nailoni angavu iliyotandikwa juu ya ramani. Akalizima. Meza zikabaki tupu. Akaiamuru tena mashine ionyeshe vizuri, nami nikajikuta nimeshikilia mwavuli kwa mikono miwili.

Haikuganda. Mara moja tu skrini ikapepesa, na ukuta ukatulia, mviringo kama mdomo wa kikombe.

Mwalimu akasogea. Akaweka kidole kwenye ukuta ule na kukizungusha, polepole, kama anayetafuta mwiba, hadi akarudi alipoanzia. Akatazama ncha ya kidole chake.

"Hakuna kona," akasema. "Jenga, binti yangu. Lakini vile vitambaa nimevipenda."

"Nikivirudisha mashine itaganda, Mwalimu."

"Basi vifumwe kwa uzi. Uzi haugandi." Akanigeukia. "Mama, nami utanifundisha?"

"Ukija na mkono mwepesi," nikamjibu, "na usicheke ninapokosea."

Nilipotoka manyunyu yalikuwa yamekatika. Nilikuwa nimefika getini niliposikia viatu vikikimbia nyuma yangu. Chiriku, na mwavuli wangu niliousahau, na maneno yake yote yamerudi kwa pamoja. Kazi ni yake, Kobe anauliza mahari ipelekwe wapi, Mwalimu anarudi Jumatatu kujifunza kufuma, na je, nimeona ukuta ulivyotulia?

"Nimeona, mama. Nimeona."

Akanikabidhi mwavuli, lakini mpini hakuuachia.

"Jumatatu uje tena, Bibi. Hata kama hakuna mvua."