Shibe ya Kamati

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya sare ya shule, mwanawe mchanga mgongoni, alipobeua. Mbeuo wenyewe ulikuwa wa kuku. Mchana ulikuwa umeiva, na tangu asubuhi tumboni mwake hamkuwa na kitu ila kikombe cha chai kavu. Alibeua tena, safari hii na kitunguu saumu kwa mbali. Jirani yake aliyekuwa akianua nguo akabeua naye, akasema leo hawakubania viungo. Fundi akakubali, akaendelea kushona.

Mambo hayo yalianza pale serikali ilipounda Kamati ya Uhakika wa Chakula. Kamati ilikutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa wizara, na kwa kuwa haifai kujadili njaa ukiwa nayo, ilianza kwa kula. Wajumbe wakishiba, mtaa mzima ulishiba hadi Jumatano iliyofuata. Shemeji yake fundi, mdogo wa mumewe, alikuwa mpishi wa ukumbi ule. Jioni akipita kusalimia, aliambiwa alichopika kabla hajavua viatu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa walijuana hadi viungo vya mchuzi.

Kasoro ilikuwa moja: shibe ilikuja bila chakula. Watu walizidi kukonda huku wakichokonoa meno. Fundi hakuhisi njaa hata chembe, lakini maziwa yalimkauka. Na mtoto hata ile shibe hakuipata. Alinyonya, akalia, akanyonya tena, akalia zaidi. Kila alipopelekwa kliniki, mshale wa mizani ulikuwa umerudi nyuma. Mama yake aliogopa mno.

Tegemeo lake lilikuwa unga wa lishe ambao serikali iliwagawia wanaonyonyesha katika mitaa yenye njaa. Basi akaja karani wa takwimu, msichana mpole mwenye kishikwambi, akauliza swali lililotungwa na Kamati: wiki hii, kuna siku ulilala na njaa?

Fundi alilelewa na bibi aliyemfunza kwamba kukana shibe ni kumtukana aliyekulisha. Angeweza kudanganya, na Mungu angemwelewa. Hakudanganya.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Jana nililala nimevimbiwa."

Karani akabonyeza, akabeua, akaomba radhi. Naye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Mtaa mzima ulijibu vilevile, kwa hiyo unga ukaelekezwa kwenye mitaa mingine, ambayo haikupatikana, maana nchi nzima ilikuwa imeshiba. Serikali ikatangaza kuwa uhakika wa chakula umefikiwa, tena kwa njia endelevu, kwa kuwa meza moja ilitosha taifa zima. Kamati ikaombwa ikutane kila siku. Wajumbe walikubali kwa moyo mzito. Mmoja wao alikuwa na kisukari, akajitolea hivyohivyo.

Shemeji ndiye aliyempitisha fundi mlango wa jikoni. Akaingia ukumbini, akamlaza mtoto mezani katikati ya sahani, akaeleza shida yake: watu wazima hawakuwa na neno, ila huyu hakupata shibe wala maziwa. Aliomba unga tu. Wajumbe waliacha kutafuna. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye wajukuu, alishika kiguu cha mtoto, na machozi yakamlengalenga.

"Pole sana, binti yangu," alisema. "Hawa tumewasahau kabisa. Sisi tunakula nyama, na mtoto hana meno. Kosa ni letu."

Uamuzi ukapita bila kupingwa: kuanzia kesho yake, kila mjumbe angekunywa bilauri ya maziwa ya moto asubuhi kwa ajili ya watoto wachanga. Fundi alipouliza habari za unga, walimweleza kwa upole kwamba unga ni wa mitaa yenye njaa. Walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililomkata maini.

Asubuhi mtoto alibeua maziwa, akajilamba midomo, akanyamaza. Hakulia siku hiyo wala iliyofuata. Akipewa titi aligeuza uso. Majirani walipita kumsifu kwa utulivu wake, wakasema kamrithi baba.

Kliniki, mshale ulirudi nyuma tena. Muuguzi, aliyekuwa na foleni ndefu hadi nje, aliuliza kama mtoto bado analia.

"Ameacha," mama akasema.

Muuguzi alisema hiyo ni dalili njema, akamwita anayefuata.

Fundi alimfunga mwanawe mgongoni. Hakuwa mzito kuliko ile nguo aliyombebea. Njiani alimfinya paja, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu, akimwomba Mungu mtoto alie.

Mtoto alibeua.