Kenge Mwenye Kofia ya Jenerali

Kop alimchora kenge mchana kweupe, watu wakimpita na vikapu vyao vya sokoni. Alivaa kizibao cha kibarua wa manispaa, akasimamisha ngazi, akatundika turubai, na hakuna aliyemuuliza kitu. Bangkok, mtu mwenye ngazi na kopo la rangi haulizwi maswali. Alipoteremsha turubai na kwenda zake kula, ukutani alibaki kenge mkubwa mwenye kofia ya jenerali na medali kifua kizima, anameza sanduku la kura. Kumwita mtu kenge kule ni tusi la kuvunja udugu, na jenerali mwenyewe kila mtu alimjua, maana ndiye aliyekuwa akitawala.

Kwa riziki, Kop alichora vibao vya maduka. Kwa hasira, aliwachora wakubwa, bila kutia jina. Rafiki yake aliyefanya hivyo hivyo alikuwa jela, na Sajini Prasoet wa kituo cha mtaani alikwisha kuapa kwamba huyu wa pili, asiyemjua bado, naye atamtia mkononi.

Basi Kop akangoja watu wacheke. Asubuhi iliyofuata akakuta shada la asumini chini ya ukuta, soda nyekundu yenye mrija, na sahani ya mayai ya kuchemsha. Aliyepiga magoti mbele, vijiti vya ubani mkononi, alikuwa mama yake mzazi, Bi Lamduan, muuza vitumbua vya nazi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Vua kofia, mwanangu. Amejitokeza mwenyewe. Nilishamwota."

Bahati nasibu ilipochezeshwa, muuza samaki mmoja akashinda kwa namba aliyodai kupewa na kenge. Lo! Soko zima likahamia ukutani. Watu waliupaka poda, wakausugua, wakakodoa macho kutafuta namba kwenye magamba.

"Babu Kenge, nipe mbili za mwisho tu, sina tamaa," aliomba mmoja.

"Huna tamaa, na jana ulimwomba pikipiki?" akadakia mwenzake.

Kop aliumia. Jioni, mama yake akigeuza vitumbua, uvumilivu ukamwishia.

"Kuwaonyesha nyie kitu ni kumpigia mbuzi gitaa! Mtu anawaonyesha mwizi wa kura zenu, nyie mnamwomba namba!"

"Mtu gani? Hakuna mtu. Amejitokeza mwenyewe."

"Ujinga wako huo, mama, ndio unaowaweka hawa madarakani."

Hilo si neno la kumwambia mzazi, na Kop alilijua likiwa bado mdomoni.  Bi Lamduan alimpakulia vitumbua, akampa.

Hawajamaliza kula, Sajini Prasoet akabisha hodi. Jasho lilikuwa linamtoka. Mkuu wa wilaya ameamuru ukuta upakwe chokaa, alisema, lakini vibarua wote wamekataa kwa kuogopa laana.

"Kop, ndugu yangu, wewe fundi rangi. Nisaidie, la sivyo kazi sina."

Kabla Kop hajajibu, chini ya jiko lao lililojengwa juu ya mfereji maji yalichapwa, na kenge aliyezoea kuja hapo akapanda ngazini kutafuta mayai. Mkia wake ulikuwa umekatika nusu. Kop alimtazama, akakumbuka mkia aliouchora ukutani, nao umekatika nusu vile vile. Miaka yote alimwona kenge huyo mmoja tu, na mkono ulichora ulichokijua.

Sajini naye alikodoa macho. "Mbona huyu mkia kama wa yule?"

"Ndiye huyo huyo," Bi Lamduan alisema bila kupepesa. "Tangu ajitokeze kule, huku anakuja kula. Msalimie basi."

Sajini akaviunganisha viganja vyake taratibu, akamwinamia kenge.

"Na mwanangu atapaka," mama aliendelea, "ila kwanza aliyetoa amri aje aombe radhi. Mimi nina mtoto mmoja, simtoi alaaniwe kwa ajili ya mkuu wa wilaya."

Sajini akampelekea mkuu neno hilo, naye akakubali. Hata mti wa mizimu haukatwi bila kuombwa radhi. Kesho yake mkuu wa wilaya akaja na sare zake, wasaidizi nyuma, soko zima limejaa. Alipiga magoti mbele ya kenge mwenye kofia ya bosi wake, akainama mpaka paji likagusa ardhi, akatamka kwa sauti maneno ya desturi:

"Mheshimiwa, tusamehe tulikokukosea. Tunakuomba uondoke kwa hiari yako."

 Kisha muuza samaki akacheka puani, na kicheko kikashika soko lote kama moto wa makuti. Simu zote zilikuwa juu. Kop alipaka chokaa akiwa na furaha, maana picha ile hata yeye asingeweza kuichora. Sajini hakumtafuta mtu tena. Angemfunga nani, kenge?

Nyumbani, mama alikuwa anasugua kikaango.

"Ulijua lini kuwa ni mimi?" Kop aliuliza.

"Siku ya kwanza. Kenge ninayemfukuza na ufagio kila siku, nisimjue mkia?" Aliendelea kusugua. "Picha ikiwa na mchoraji, mchoraji hutafutwa. Ikijitokeza yenyewe, wanatafuta namba."

Kop alilikumbuka neno lake la jana, na aibu ikamchoma hadi mifupani. Akapiga magoti, akainama mpaka paji likagusa miguu ya mama yake, na machozi yakamtoka.

"Inuka ule," Bi Lamduan alisema. "Na safari ijayo, chora mnyama wa jirani."