Bunduki Iliyolishwa Samli

Nimetengeneza pampu zilizomeza matope. Nimefufua mashine ya kukoboa mpunga ambayo panya walikuwa wamejifungulia ndani. Lakini sijawahi kuambiwa kwamba chuma kimegoma kwa sababu mwenyewe amevaa gauni. Hiyo niliisikia kwa Mama Shimba, na mpaka leo nikiikumbuka chai inanipalia.

Mama Shimba, jina lake Sabina, ni mjane wa rafiki yangu Machibya. Alinikuta karakana kwangu Nyakato asubuhi moja, akitokea kwake huko Magu kando ya ziwa, mkononi kibali cha polisi, begani bunduki imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Ilikuwa ile ndogo, pointi ishirini na mbili, ambayo Machibya alikuwa akifukuzia tumbili shambani. Naijua vizuri. Kiwanda kiliponipunguza kazi nilibaki na diploma yangu ya mitambo na leseni ya kutengeneza bunduki, na mteja wangu wa kwanza alikuwa Machibya na bunduki hiyohiyo.

Nikamuuliza inaumwa nini. Akasema risasi ya kwanza, ambayo anaiweka kwa mkono, inalia vizuri. Ya pili inayotoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, inafika njiani, inainua pua juu, inakwama. Hapo akaanza kukunja ncha ya kitenge.

"Shemeji Ngosha anasema imenikataa," akasema. "Anasema ni bunduki ya wanaume."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Ukoo ulikuwa umepanga kukaa Jumapili, Sabina apige mbele yao. Ikimkatalia, bunduki inakwenda kwa Ngosha, na shamba la ufukweni linafuata bunduki, maana eti asiyeweza kulilinda hawezi kulishika. Shamba lile ndilo linalomlisha yeye na wanawe, mahindi juu na mihogo chini. Na mimi mjini nilikuwa nimeshasikia kwamba Ngosha anatembea na wanunuzi wa sangara wanaotafuta mahali pa kushushia samaki na kuweka barafu. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye pikapu na kalamu mfukoni alijiita mfanyabiashara, na ufukwe uliokuwa haumhusu mtu ukageuka dhahabu. Tumbili wamekula mahindi ya yule mama miaka yote, hakuna shemeji aliyeona uchungu. Sangara wamepanda bei, ghafla shamba linahitaji mwanamume.

Nikaweka bunduki mezani kwa nguvu kuliko inavyostahili, kisha nikaiomba radhi, maana kosa halikuwa lake.

Nikahakikisha haina kitu ndani, nikaanza mbali. Chemba, pale risasi inapokaa, ilikuwa safi, mwanga wa tochi unapita. Bolti, lile komeo linalosukuma risasi, inateleza, na kile kidole chake kinachovuta ganda kilikuwa kikali kama kucha ya paka. Nikafikiria risasi zenyewe, maana siku hizo madukani ziliingia za kila namna, nyingine laini kama nta ya mshumaa. Sabina akasema amejaribu za zamani za marehemu na mpya za dukani, zote zinakwama palepale.

Nikabaki na upangaji. Risasi hizi zina ukingo kitakoni, na ukizipanga vibaya ukingo wa juu unanasa nyuma ya ukingo wa chini, basi hapo hata ulie haziendi. Nikampa zile za bandia nilizochonga kwa shaba, nikamwambia azipange kama anavyopanga nyumbani. Akazipanga, kila moja ukingo wake mbele ya mwenzake, bila kutazama mikono. Marehemu mwenyewe alikuwa akizisukumiza kama anajaza gunia la pamba.

Nikasukuma bolti. Ya kwanza ikakwama, pua juu.

Ndipo nikaishika magazini yenyewe. Nikakibonyeza kwa njiti kile kibao cha ndani kinachoinua risasi. Kikashuka. Nilipoachia kilirudi polepole, kama karani anayerudi kutoka kunywa chai. Nikaifungua. Springi haikuonekana. Palikuwa na uji wa njano, mgumu, umeshika kila kona. Nikanusa. Nikamtazama mama wa watu.

"Mama Shimba, nani kapika humu?"

Akasogea, naye akanusa. Samli, tena imechanganywa na unga wa mtama. Akakaa chini taratibu.

Akanieleza. Ukoo wa mumewe ni wawindaji tangu zamani, na kwao mwenye bunduki akifa, siku ya kuondoa matanga bunduki inalishwa kabla haijapata mikono mipya. Zamani yalikuwa magobore, samli unaipaka kwenye mtutu na hapana shida, gobore lina tumbo kubwa. Safari hii mlishaji alikuwa Ngosha. Wanawake walikaa nyuma ya nyumba, kwa hiyo Sabina hakuona. Bwana yule alipokuta bunduki ya kisasa hakujua mdomo uko wapi, akaijaza magazini mpaka ikafurika.

Jamani. Mtu anaivimbisha bunduki tumbo kwa mkono wake, kisha anasimama mbele ya watu wazima kutangaza kwamba imemkataa mjane. Sijui kama alikusudia. Nadhani hakukusudia, na hilo liliniudhi zaidi, maana mwizi mwenye akili angalau unaweza kumheshimu kidogo.

Nikaiosha magazini kwa mafuta ya taa, nikaivuta springi, nikaikausha, nikaipaka mafuta ya mashine tone dogo tu. Zile za bandia zikapita zote, moja nyuma ya nyingine, kama watoto wanaoingia darasani mwalimu akiwa mlangoni. Nikamwambia Jumapili nakwenda naye, nitamweleza Ngosha habari za samli mpaka masikio yatoe moshi.

Sabina akafunga kitenge chake. Akasema nije, lakini nikija nizungumze habari za chuma tu. Nikigusa mambo ya matanga nitakuwa nimemtukana marehemu, na ukoo mzima utasahau tumbili, utanishughulikia mimi.

Jumapili tulikuta viti vimepangwa uani. Mzee Maige, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyekalia kigoda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za mjini kwa heshima. Ngosha alikuwa na tai ya mtumba pana kama ulimi wa ng'ombe. Alizungumza sana. Alisema hana ubaya na shemeji yake, ila chuma kina macho. Nikauma ulimi.

Makopo yalipangwa mbele ya kichuguu kikubwa, watu wakakaa nyuma. Sabina akapiga. Akavuta bolti, akapiga tena. Akaendelea hivyo mpaka kopo la mwisho likaanguka.

Ngosha akasimama, akarekebisha tai. "Mmeona wenyewe," akasema. "Ile samli niliyoilisha imeanza kufanya kazi."

Nikainuka, maneno yamenijaa mdomoni, springi, uji, unga wa mtama, yote. Sabina akanitazama mara moja. Nikakaa.

Akatoa magazini, akaacha bolti wazi, akamwonyesha Mzee Maige kwamba ndani hamna kitu. Kisha akapiga goti.

"Baba, shemeji kasema kweli," akasema. "Aliilisha yeye, ikala ikashiba. Ilipokwisha kushiba, imemtii nani?"

Mzee Maige akayatazama makopo, akamtazama Ngosha.

"Imekutii wewe, mayu," akasema, akimwita mama kwa kilugha. "Ngosha, mlishaji ni wewe. Unataka kusema ulilisha vibaya?"

Ngosha akafungua mdomo, neno likainua pua juu, likakwama. Mzee akasema bunduki ina mwenyewe na shamba lina mwenyewe, na yeye atakwenda polisi na Sabina kulisema hilo. Watu wakaanza kuuliza chakula.

Nilipokuwa naondoka Sabina alinifungia karanga. Nilikuwa bado nafuka. Nikamwambia haki haijatendeka, mtu kaiharibu bunduki, tena anakwenda kulala akijisifu kwamba kaitibu.

"Kaka Elias," akasema, "wewe ulitaka umshinde Ngosha, au ulitaka mimi nibaki hapa?"

Nyuma ya nyumba tumbili walikuwa wameshashuka kwenye mahindi. Akachukua bunduki yake akaenda.